Shajara ya mradi: pawa saplai ya mashine ya harusi

Jumatatu, 3 Machi 2025. Mpango

Mwaka huu Ramadhani na Kwaresma zimeingia pamoja. Kwa sisi tunaokula kwa video za harusi, maana yake mwezi mzima hakuna bi harusi, hakuna sendofu, simu imelala. Nimeamua kuutumia ukimya huu kuiongezea kompyuta yangu ya kuhariria video nguvu, kwa sababu Idi ikishapita watu wanaoana kama kesho imefutwa.

Mashine ni Dell OptiPlex 7010, ile kubwa ya kusimama, mtumba wa maofisi ya Ulaya kama zilivyojaa Kariakoo. Prosesa ni i5-3470, kizazi cha mwaka 2012. RAM gigabaiti 8, SSD ya gigabaiti 240, na diski ngumu ya terabaiti 1 ya kuhifadhia. Kwa kuandika barua na kuchapa kadi za michango haina neno. Ila nikiipa harusi ya saa tatu irende, yaani iunganishe nilichohariri kiwe video moja kamili, nalala, naamka, naikuta asilimia 60 na feni inalia.

Nataka kuongeza RAM gigabaiti 8 nyingine na kadi ya grafiki, GTX 1060 ya gigabaiti 6. Nimechagua ile fupi yenye feni moja, sitaki ugomvi wa nafasi ndani ya keisi.

Hesabu ya umeme niliifanya nyuma ya risiti ya sokoni. Prosesa wati 77. Kadi wati 120. Mazabodi (bodi kuu inayobeba kila kitu), RAM, diski mbili na feni nikazipa 40 kwa pamoja. Jumla 237. Pawa saplai, lile boksi la ndani linalogawa umeme, iliyokuja na Dell ni ya wati 275, nami nikaandika "inatosha" na kupiga mstari chini yake. Risiti hiyo bado ninayo.

Jumamosi, 8 Machi. Kadi imepatikana, harufu pia

RAM 30,000, imeingia, imesomwa, hakuna hadithi. Kadi 230,000 baada ya kuanzia 280,000. Niliijaribia dukani kwenye mashine yao, picha ilikuwa safi.

Nyumbani ndipo nikakumbuka kitu ambacho hesabu ya risiti haikuuliza. Kadi hii inataka plagi yake ya umeme ya pini 6, na pawa saplai ya Dell haina plagi hiyo. Tundu la mazabodi linaipa kadi wati 75 tu, zinazobaki lazima zipite kwenye pini 6. Kumbe muuza kadi alilijua hilo. Alikuwa ameshanitilia mfukoni adapta ya 5,000, upande mmoja plagi ya SATA, ile ya kulishia diski, upande wa pili pini 6. "Weka hii, kaka, wote wanaweka."

Nikaweka. Mashine ikawaka, Windows ikaiona kadi, nikaanza kurenda harusi ya mwaka jana kama jaribio. Kasi ilinifurahisha. Dakika kama 25 baadaye nikasikia harufu ya plastiki iliyokaribia moto. Nilikuwa nimefunga, na pua ya mfungaji haikosei. Nikachomoa ukutani kwanza, maswali baadaye. Adapta ilikuwa ya moto kushikika, na ile plastiki nyeupe upande wa SATA ilikuwa imebadilika rangi kama meno ya mvuta sigara.

Sababu ni hesabu ya darasa la saba. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja imeruhusiwa kupitisha ampea 1.5. Tatu ni ampea 4.5, mara volti 12 ni wati 54. Plagi ya pini 6 ya kadi inaruhusiwa kuomba hadi wati 75. Unalitaka bomba la nusu inchi lijaze tangi la jirani na la kwako kwa wakati mmoja. Adapta imekwenda kwenye ndoo ya taka, na naomba atakayeiga mradi huu asiipe hata nafasi ya kumjaribu.

Hadi leo: TSh 265,000.

Jumamosi, 15 Machi. "Wati 600"

Nimerudi Kariakoo, upande wa Mtaa wa Aggrey, kutafuta pawa saplai yenye pini 6 halisi. Nilikwenda na wazo moja tu kichwani: wati nyingi. Kijana wa dukani akanionyesha sanduku lenye radi na moto, limeandikwa 600W kwa herufi za ukubwa wa kiganja. "Hii, bosi, hata friji unafunga." Bei 38,000. Nikacheka, nikalipa.

Jambo moja nililifanya sawasawa. Nyuma ya pawa saplai hii kuna swichi ndogo nyekundu ya 115 na 230, na ilikuja imewekwa 115. Nyumbani kwetu ukutani ni 230. Nikiwa chuo niliwahi kuiwasha moja hivyo hivyo bila kutazama, mlio wake uliwatoa wenzangu bwenini. Kwenye 115 saketi ya ndani huuzidisha umeme mara mbili, kwa hiyo ukiipa 230, kila kapasita kubwa (kile kikopo cha kuhifadhi umeme kwa muda) ya volti 200 inapokea volti kama 325. Haivumilii hata sekunde. Kwa hiyo bisibisi, kuelekea 230, ndipo plagi ukutani.

Kufunga hakukuwa na kazi. Mashine imewaka, kadi imepata pini 6 yake, hakuna harufu. Nimerenda saa mbili mfululizo. Nikalala nikijiona fundi.

Hadi leo: 303,000.

Jumatano, 19 Machi. Nimemlaumu asiyehusika

Jumatatu jioni mvua ilinyesha na umeme ukakatika wakati wa kufuturu. UPS yangu, lile boksi la betri linaloishika mashine umeme ukikatika, 650VA, ikalia kama kawaida yake. Televisheni ya jirani ikanyamaza, na mashine yangu nayo ikanyamaza, ikajiwasha upya. Kazi ya saa nzima imekwenda. Kwa miaka miwili UPS hii imekuwa ikishika bila tatizo, kwa hiyo nikasema betri imechoka.

Jana nikanunua betri mpya ya volti 12, ampea-saa 7, kwa 45,000. Nikaichaji usiku kucha. Leo mchana nikachomoa UPS ukutani makusudi, mashine ikashika. Nikafurahi. Usiku baada ya tarawehe nikachomoa tena, mashine ikazima na kuwaka upya. Mara tano za mchana ilianguka mara moja, mara tano za usiku ikaanguka nne.

Hicho ndicho kilichonifumbua macho kidogo. Betri haijui mchana na usiku. Kinachobadilika kwangu usiku ni umeme wenyewe. Kila nyumba mtaani imewasha pasi, jiko na feni, na ukutani unapima 205 au 208 badala ya 230.

Hadi leo: 348,000, na tatizo liko palepale.

Jumamosi, 22 Machi. Tumeifungua

Nimeanza na kupima. Mashine ikiwa inarenda, nikatia ncha za maltimita kwenye plagi ya pini 4 iliyobaki wazi, nyeusi kwenye waya mweusi, nyekundu kwenye wa njano. Ruhusa ya ATX, kanuni za pawa saplai za kompyuta za kawaida, ni asilimia 5 juu au chini, yaani volti 12 isishuke chini ya 11.40. Yangu ilisoma 11.27. Nikahamia waya mwekundu, wa volti 5, ambao mwisho wake wa juu ni 5.25. Ukasoma 5.29. Moja inazama huku nyingine inapanda, ndivyo zinavyofanya pawa saplai za bei chee ambazo volti zake zote zinadhibitiwa kwa kamba moja. Mzigo ukielemea upande wa 12, inajaribu kuuinua, inaishia kuinua na upande wa 5.

Ndipo, wiki nzima baada ya kununua, nikasoma lebo ya ubavuni. Nina aibu kuiandika. Mstari wa volti 12 unasema ampea 18. Mara 12 ni wati 216. Hiyo "600" ni herufi tu. Sehemu kubwa ya nguvu inayodaiwa imepangwa kwenye volti 5 na volti 3.3, kama kompyuta za miaka ishirini iliyopita zilivyohitaji. Kompyuta ya leo, hata hii yangu ya 2012, prosesa na kadi vyote vinakula kwenye 12. Kwa maneno mengine nilitoa pawa saplai ya wati 275 za kweli nikaweka dhaifu kuliko hiyo, nikalipia.

Nilipita nazo mbili kwa Mangi, nikaomba mizani ya sukari. Ya Dell ilizidi kilo moja na nusu. Ya "600" haikufika kilo. Mangi akauliza kama nauza chuma chakavu.

Kisha nikaenda kwa fundi wangu wa redio, mwenye kibanda karibu na stendi. Aliishika, akaitikisa sikioni kama anayechagua nazi. "Hii ina upepo, kaka." Akaifungua. Hapa tahadhari, na siiandiki kwa desturi. Kapasita za upande wa ukutani hubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa. Fundi alizimaliza kwa balbu kwanza. Kama hujui zilipo, usifungue, lebo na mizani vinakutosha.

Ndani, pale umeme unapoingia, bodi imechapwa michoro ya koili mbili za kuchuja na kapasita zake, hadi majina yameandikwa. Koili hazipo. Badala yake kuna vipande viwili vya waya vimelazwa kama madaraja ya mti juu ya mtaro, vikachomelewa risasi. Mahali pa kapasita za kuchuja pana matundu matupu yanayong'aa. Aliyeichora bodi alijua kazi yake. Aliyeijaza alikuwa anahesabu senti. Transfoma ni ya ukubwa wa kiberiti. Vipooza joto ni vipande viwili vya bati jembamba.

Halafu zile kapasita kubwa mbili. Kila moja mikrofaradi 220, volti 200. Zimeungwa mfululizo, kwa hiyo kwa pamoja zina thamani ya 110 tu. Hizi ndizo zinazoibeba mashine katika kile kisekunde ambacho umeme umekatika na UPS bado haijashika. UPS za nyumbani kama yangu huchukua milisekunde 4 mpaka 10 kubadilisha. Mwongozo wa ATX wa enzi ya mashine hii unaitaka pawa saplai ibebe mzigo wake wote kwa milisekunde 16.

Tukakaa na fundi na kalamu. Umeme wa ukutani ukiwa 230, kapasita zinajaa volti kama 325. Tukikadiria pawa saplai inakata tamaa zikishuka hadi 250, na mzigo wangu uwe wati 300 zinazoingia, akiba iliyomo inatosha milisekunde 8 hivi. Umeme ukiwa 205, kapasita zinajaa 290 tu, akiba inabaki milisekunde 4. Mchana inavuka kwa bahati, usiku inaanguka. Hesabu na kilichotokea nyumbani vimepeana mikono.

Betri mpya haikuwa na la kujibu. Ya zamani pengine nayo ilikuwa nzima.

Dukani nilipewa "waranti ya wiki", na wiki imekwisha leo asubuhi. Hata hivyo tumeshavunja stika. Fundi ameichukua kwa 5,000, anataka feni na nyaya. Nimerudisha ya Dell, nimetoa kadi, mashine iko kama ilivyokuwa Februari.

Jumanne, 25 Machi. Kuchagua, safari hii kwa lebo

Sijanunua kitu leo. Nimezunguka maduka sita na maltimita mfukoni na daftari, nikiomba kila muuzaji aniruhusu kuitoa pawa saplai sandukuni tu nisome ubavu. Wawili walikataa. Hao nimewaaga.

Mahitaji yangu sasa ni haya. Mzigo halisi kama wati 240, nataka ukae karibu na nusu ya uwezo, kwa hiyo pawa saplai ya 450 hadi 500, na karibu zote zipatikane kwenye volti 12. Iwe na pini 6 inayotoka ndani yake yenyewe. Iwe na PFC ya kisasa, ile inayokubali kuanzia volti 100 mpaka 240 bila swichi nyekundu. Hii ya mwisho kwa umeme wa mtaani kwetu naiona muhimu kuliko rangi ya beji ya 80 PLUS, ile ya kuonyesha haipotezi umeme mwingi, maana ikishuka 205 usiku haijali.

Duka moja lilikuwa na sanduku mbili kaunta moja. Ya kwanza "500W", lebo volti 12 ampea 17, yaani wati 204. Ya pili Corsair CX450, namba ndogo zaidi kwenye sanduku, lebo volti 12 ampea 37.4, yaani 448.8. Muuzaji alinishangaa kuiacha ya 500 nikaishika ya 450 yenye bei mara nne. Akaniambia pia kwamba beji yake, Bronze, ni asilimia 85, kwa hiyo "450 hii unapata 380 tu". Nimelisikia hili kwa watu wengi, wengine mafundi wazuri. Si hivyo. Wati za lebo ni zinazotoka. Asilimia ni ya unachovuta ukutani, kwa hiyo ukiitumia yote 450 utavuta kama 530 kwenye luku, na tofauti inageuka joto. Kuhusu beji yenyewe, orodha ya zilizopimwa na 80 PLUS iko wazi mtandaoni. Modeli isiyokuwemo, stika yake ni pambo.

Nilipewa pia ya mtumba, wati 650 za chapa nzuri, kwa 70,000. Ilivutia. Ilitoka kwenye mashine za kuchimba sarafu za mtandaoni, yaani imefanya kazi usiku na mchana kwenye joto, na kapasita huzeeka kwa joto. Mtu mwenye kipimo cha mzigo angeijaribu. Mimi nina maltimita na hamu ya kulala.

Kwa atakayeiga: kabla hujatoa hata shilingi, fungua keisi uangalie plagi kubwa inayoingia mazabodi. OptiPlex 7010 ya mnara ina pini 24 za kawaida, na pawa saplai ya kawaida ya ATX inakaa. Ndugu yake 9020, na 7020, kwa sura huwezi kuwatofautisha ukiwa mbali, wana pini 8 za Dell wenyewe, na umeme wa diski unatoka kwenye mazabodi. HP EliteDesk 800 G1 ina pini 6 zake. Hizo zinataka adapta maalumu, na sijazijaribu. Yale maboksi membamba ya kulaza hayapokei pawa saplai ya ATX kabisa. Muuzaji mmoja leo aliniapia kwamba "Dell zote sawa".

Jumamosi, 29 Machi. Imefungwa, baada ya kunitisha

CX450 imeondoka dukani kwa 165,000 kutoka 185,000. Tumeijaribia kaunta kabla ya kulipa, na hapa nilikwama kidogo. Njia ya siku zote ni kuunganisha waya wa kijani na mweusi kwa klipu ya karatasi, pawa saplai iwake bila mazabodi. Nyaya za hii zote nyeusi. Kijana wa dukani akanitazama, mimi nikamtazama.

Suluhisho ni kuhesabu. Shika plagi ya pini 24, tazama safu ya upande wenye klipu ya kufungia. Anza mwisho ulio mbali na kile kipande cha pini 4 kinachojitenga. Ya nne ndiyo ya kuwashia, na jirani zake wa kulia na kushoto wote ni ardhi, unganisha na mmojawapo. Ikawaka. Volti 12.08, 5.03, na 3.31. Nikalipa.

Nyumbani ya Dell imetoka kwa skrubu nne, mpya imekaa mahali pake. Nyaya ni nyingi kuliko nafasi, nimezikunja chini ya kizimba cha diski. Nikabonyeza kitufe. Taa ya kitufe ikawaka rangi ya chungwa, feni ikageuka nusu mzunguko, kimya. Nikabonyeza tena, chungwa. Laki moja na sitini na tano zikanipita machoni.

Nilitoa kadi. Nikatoa RAM mpya. Nikarudisha pini 24 mara mbili. Saa nzima. Mwisho nikachukua tochi ya simu na kuinama pembeni ya feni ya prosesa, na pale kwenye kivuli kuna tundu la pini 4, tupu, linanitazama. Ni umeme wa prosesa. Kwenye pawa saplai ya Dell waya wake ulikuwa mfupi na ulijulikana. Kwenye hii mpya umekuja kama plagi ya pini 8 iliyoungana, nami nikaichukulia kuwa ya kadi, nikaiweka kando. Hugawanyika vipande viwili, na vipande havifanani. Kimoja tu kinaingia bila kulazimisha. Ukijikuta unasukuma kwa kidole gumba mpaka kinauma, umeshika kile kingine.

Ikawaka. Wati zote mahali pake.

Hadi leo, ukiondoa 5,000 za fundi: 508,000.

Jumapili, 30 Machi. Kupima kwa luku

Kwanza UPS. Nimeichomoa ukutani mara kumi huku mashine inarenda, tano mchana, tano usiku ukutani ukiwa 207. Kumi zote imeshika. UPS inanguruma kidogo ikiwa kwenye betri. Umeme wake si wimbi laini bali ngazi ngazi, na zipo pawa saplai zenye PFC ambazo hazielewani na UPS za aina hii, kwa hiyo kabla ya kuinunua omba ruhusa ya kurudisha. Yangu imekubali.

Volti 12 chini ya mzigo: 12.02. Nimeitazama dakika kumi nikisubiri ishuke.

Halafu nilitaka kujua inakula kiasi gani, na kipimo cha soketi sina. Lakini luku ninayo. Mita yangu imeandikwa 1000 imp/kWh, maana yake kataa kake kekundu kakipepesa mara moja, umetumia wati-saa moja. Nikazima friji, feni, taa zote, nikabakiza kompyuta na skrini yake, mke wangu akiwa mlangoni na swali usoni. Ikiwa imetulia, mipepeso 5 ilichukua sekunde 300. Hiyo ni wati 60. Ikirenda, mipepeso 10 kwa sekunde 144, sawa na wati 250 zinazotoka ukutani, skrini ikiwemo. Toa skrini, toa joto la pawa saplai, ndani zinabaki kama 195. Ile hesabu ya 237 nyuma ya risiti haikuwa mbaya hata kidogo. Nilichokosea ni kutouliza zitapita kwenye plagi gani.

Friji imerudishwa. Maziwa ya futari hayajaharibika.

Jumapili, 13 Aprili. Harusi ya kwanza

Harusi ya jana wiki, saa tatu na dakika 40 za picha, kamera mbili. Zamani ningeianza Ijumaa usiku nikabidhi Jumapili jioni. Safari hii imetoka kwa saa tano na robo.

Jana saa mbili usiku, ikiwa asilimia 71, umeme ulikatika mtaa mzima. UPS ikaanza pip, pip. Mashine ikaendelea kana kwamba haikuambiwa. Dakika ya 6 nikaisimamisha kazi na kuizima kwa utaratibu, kwa sababu kwa mzigo huu betri inanipa dakika 9 na sitaki kujua ya kumi ikoje. Umeme umerudi saa nne, nikaendelea na kazi.

Fundi ananishawishi nifunge betri ya gari kwenye UPS nipate saa nzima. Bado sijakubali. Chaja ya ndani haikutengenezwa kwa betri ya ukubwa huo, na transfoma yake nimeishika baada ya dakika 6 tu, ilikuwa ya moto tayari.

Ya Dell nimeisafisha vumbi, nimeifunga kwenye mfuko, iko juu ya kabati kama akiba. Betri ya zamani ya UPS imewekwa kwenye taa ya kuku ya shemeji, inafanya kazi vizuri sana, jambo ambalo bado linaniuma 45,000.

Video imekabidhiwa saa nne asubuhi. Mama wa bi harusi ameshapiga simu mara mbili. Hautaki wimbo wa kuingilia ukumbini.